Fundo la Jani la Muwa

Kakamega, Jumanne, Mei 1996

Mvua ya alasiri imewahi leo. Mwanangu Naliaka amelala kitandani, mdomo wazi, na mimi sijavua hata viatu vya kuazima.

Chuo kimenikataa.

Kwa miaka mitatu nimewaandikia wanachuo wa ualimu kazi zao za utafiti. Wao wanaweka jina, mimi napata unga na mafuta ya taa. Niliishia kidato cha nne, lakini hakuna aliyewahi kuanguka kwa kazi yangu. Ndiyo maana mwaka huu nikasema, na mimi niombe nafasi, niwe mwalimu kwa jina langu.

Walitaka insha: mtoto anajifunzaje kuhesabu? Nikaandika ya kwetu Ekero. Tulikuwa tunatafuna miwa, makapi ya kila mtu kando, na yakifika mafungu kumi tunafunga fundo kwenye jani la muwa. Mama ndiye alituonyesha, huku anapalilia.

Leo kwenye usaili, mwalimu mmoja, mama mpole wa miwani, ameisoma akitabasamu. Halafu tabasamu likaisha. Akaenda kwenye rafu, akarudi na kazi ya mwanachuo aliyemaliza mwaka juzi. Makapi yale yale. Fundo lile lile.

"Dada, hawa watoto nawajua. Mbona umenakili ya mwenzako?"

Kazi ile nilikuwa nimeiuza mimi mwenyewe. Nilidhani zile kazi hutupwa mtu akishafaulu. Na tena, ni utoto wangu. Nani angenikataza kuurudia?

Ningesema ukweli. Lakini aliyeinunua sasa anafundisha Navakholo, ana watoto wanaomtegemea. Na mtu anayewaandikia wengine kazi zao, nani atampa darasa?

Nikaikunja insha yangu. Wakaandika jibu lao.

Nyumbani nimemkuta Barasa, mwanachuo wa mwaka wa pili, amejikinga mvua mlangoni, karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Profesa wetu! Hii yangu usitie kizungu ya juu sana, Mama Naliaka. Watajua si mimi."

Nilitaka kumfukuza. Nikaangalia debe la unga. Nikapokea karatasi.

Anatakiwa kuandika juu ya michezo ya watoto wa kijijini. Nimekaa nayo tangu aondoke. Kila mchezo ninaoukumbuka ni wetu, na nikishauandika unakuwa wa Barasa.

Asubuhi Naliaka alipanga vifuniko vya soda sakafuni, akaviita majina ya shangazi zake wote, kisha akakifunika kimoja kwa kitambaa kwa sababu "shangazi anasikia baridi." Mkono umeanza kuuandika mchezo huo kabla sijajua. Nimeukata kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Huo hauuzwi. Huo ni wake.

Lakini michezo ya utoto wangu ikiisha yote, nitaandika nini?