Bundi wa Uzi na Homa ya Ganza

Mama Shami,

Nakuandikia nikiwa nimeshapumua, maana mtoto amepona, na kama ungepata barua yangu wiki iliyopita usingeelewa hata mstari mmoja, lakini huku kupumua kwenyewe kumekuja na jambo lingine linalonikaba, ndiyo maana naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kama unavyowasaidia wasomaji wengine gazetini.

Mimi ni mwanamke mwenye ndoa, naishi Kicukiro na mume wangu Clovis, nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja Kacyiru, na nililelewa Bujumbura, ndiyo sababu Kiswahili kinanitoka kirahisi kuliko lugha nyingine. Hatujapata mtoto. Nalitaja mapema kwa sababu katika habari hii kila mtu analikumbuka hata asipolisema. Mwaka jana nilianguka na pikipiki nikavunjika mguu, nikakaa nyumbani na plasta, nikajifunza kufuma kwa kroshia kwa kutazama video kwenye simu, na kitu cha kwanza nilichoweza kukimaliza ni bundi mdogo, kwa sababu bundi ni mwili wa mviringo tu, hana miguu mirefu ya kukusumbua, unazungusha uzi, unajaza pamba, unaziba juu, unampa mabawa na macho makubwa, basi, ameshakuwa mtu anayekutazama. Niliporudi kazini wenzangu wakawapenda bundi wangu, mmoja akamfunga kwenye ufunguo wa gari lake, mwingine akataka wa kutundika kwenye mti wa Noeli, nikaanza kuitwa dada wa bundi, na sikuona ubaya wowote.

Kisha wifi yangu Cécile, mdogo wake Clovis, akajifungua binti. Cécile alikuwa amepoteza mimba kabla ya hapo, kwa hiyo huyu alisubiriwa na ukoo mzima, na mimi nikataka kumpa kitu ambacho hakuna mwingine angempa, nikafuma bundi wadogo wa rangi ya maziwa na njano, nikawafunga kwenye pete ya mbao ili waning'inie juu ya kitanda chake. Niliwafuma kwa mapenzi, Mama Shami, na kwa machozi kidogo pia, kwa sababu nilikuwa napamba kitanda ambacho si cha mtoto wangu.

Sherehe ya kumpa mtoto jina ilifanyika Kabuga, kwa mama mkwe wangu, Mama Spéciose, ambako Cécile alikuwa amekwenda kulelewa uzazi. Mtoto akaitwa Ganza. Zawadi zilipofunguliwa vijana wakacheka wakapiga picha, lakini mama mkwe akainuka, akavaa miwani, akashika bundi mmoja kwa ncha ya bawa.

"Hiki ni nini?"

"Ni bundi, mama. Ni pambo la kitanda."

"Igihunyira," akasema, akimtaja bundi kwa Kinyarwanda, taratibu, na vijana wakashusha simu zao. "Umeleta igihunyira kwenye kitanda cha mjukuu wangu."

"Mama, ni uzi tu," Cécile akasema akicheka, akaenda akawatundika yeye mwenyewe. Mama mkwe akavua miwani, akakaa.

Siku chache baadaye mtoto akashikwa na homa, akakataa kunyonya, Muhire mume wa Cécile akawakimbiza hospitali, wakalazwa. Nilipika uji, nikaenda. Mama mkwe alinikuta kwenye lango la wodi, akapokea chupa ya uji kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu. Leo hapana." Kesho yake ikawa vilevile. Nikatolewa kwenye kundi la familia la simu bila neno, na Clovis akawa anapokea habari za mtoto nje uani, anarudi ndani anasema "bado". Nikachukua bundi wote waliokuwa nyumbani nikawatia kwenye mfuko nikaufunga. Hapo ndipo nilipoanza kujiogopa mwenyewe. Nikajiuliza, yale machozi yangu wakati wa kufuma yalikuwa machozi ya nini, na je, kama ulikuwa wivu, wivu unaweza kupita kwenye uzi ukamfikia mtoto? Mimi, mtu wa misa kila Jumapili, nikawaza hivyo nikiwa nimekaa mezani pangu kazini huku naandikisha wageni.

Mama mkwe akarudi Kabuga, akawatundua bundi, akawachoma nyuma ya jiko. Kesho yake Clovis akanipigia ofisini: "Amenyonya." Niliingia chooni nikalia mpaka mwenzangu akaja kugonga akidhani nimefiwa. Homa ikashuka, wakaruhusiwa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaijua maishani. Lakini angalia sasa, Mama Shami, furaha hiyo hiyo imekuwa hukumu yangu, maana Kabuga yote inasema walipochomwa tu, mtoto akapona. Mtoto angeendelea kuumwa watu wangetafuta sababu nyingine. Amepona, basi ni mimi.

Mama mkwe si mtu mbaya. Alinipigia mwenyewe, kwa sauti ya upole. "Mwanangu, yameisha. Jumapili baada ya misa tunakula chakula cha shukrani. Uje uombe radhi mbele ya watu, tukusamehe, tulifunge jambo hili." Nikamwambia Clovis siwezi. Akasema, "Sema tu pole, iishe." Nikamuuliza, pole ya nini? Akasema, "Ya hiyo." Nikamuuliza, hiyo ni ipi, Clovis? Akageukia televisheni.

Halafu Cécile naye akanipigia, akiongea chini chini. "Alida, nakuambia wewe tu. Daktari aliniuliza tulikuwa tunampaka nini mtoto kitovuni. Mama alikuwa anampaka samli, kama alivyotupaka sisi sote tulipokuwa wachanga. Uchafu uliingilia hapo. Na sindano walimwanzia siku ile ile tuliyofika, kabla mama hajachoma chochote. Mama sijamwambia, hajui kitu, na sijui nitamwambiaje. Nimekuambia ili ulale."

Na kweli nililala, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikumdhuru mtoto. Naliandika tena kwa sababu linanifurahisha kuliandika: sikumdhuru mtoto. Ila sasa neno hilo limo kinywani mwangu na Jumapili inakuja. Nikiomba radhi kama wanavyotaka, nimekubali kwamba nilimroga Ganza. Nikisema habari ya samli, nimemvua nguo bibi wa watu mbele ya wageni wake, na Cécile hataniamini tena. Nisipokwenda, watasema hofu imenizuia. Niambie la kufanya.

Alida, Kicukiro


MAMA SHAMI ANAJIBU

Alida,

Mtoto ananyonya. Nimesoma barua yako yote, na hilo ndilo la kwanza na ndilo kubwa, mengine yote yanatengenezeka. Nami nimefurahi pamoja nawe. Sasa kaa vizuri, kwa sababu nitakugombeza kidogo kabla sijakutetea.

Umelelewa Bujumbura. Mimi nimelelewa Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na nakumbuka bundi akilia juu ya bati wazee walivyotoka na vijinga vya moto kumfukuza. Wewe ulijua. Ofisini Kacyiru, kwa vijana waliozoea kumwona bundi kwenye vikombe na madaftari, ni pambo. Kwa mama aliyezeeka akimwogopa ndege huyo, tena juu ya kichwa cha mjukuu aliyengojewa kwa machozi, si pambo. Ungempigia simu tu, "Mama, nataka kumfumia mtoto wanyama, unapenda yupi?" Hukuuliza. Hilo ni kosa lako, na ni dogo, lina saizi yake, usikubali mtu alikuze. Na la pili, kwa kuwa wewe ni fundi: kitu chenye uzi mrefu hakining'inizwi juu ya kitanda cha mtoto, na kama macho unayaweka ya vifungo, acha. Kifungo kikichomoka mtoto atakimeza. Darizi macho kwa uzi.

Nimemaliza kugombeza. Sasa sikiliza.

Machozi yako hayakupita kwenye uzi. Mtu anayetamani mtoto akaweza kukaa akafuma pambo la mtoto wa mwenzake, huyo ana moyo mkubwa, na moyo huo ulikuuma kwa sababu ni wa binadamu. Mwenye roho mbaya angenunua sabuni dukani akamaliza. Usijiulize tena swali hilo, wala kazini, wala kanisani.

Clovis, najua mke wako atakusomea hapa. "Sema tu pole, iishe" ni maneno ya mtu anayetaka kula chakula chake kwa raha. Aliyeambiwa ni mchawi ni mke wako. Jumapili utakaa karibu naye, si upande wa pili wa sebule, na mtu akianza kunong'ona utauliza kwa sauti anasema nini.

Habari ya samli, Alida, isitoke kinywani mwako. Wewe ukiisema, itasikika kama kisasi hata ukiisema kwa machozi. Lakini haiwezi kuzikwa pia. Bibi huyu anajua kupaka samli, anaamini inaponya, na atampaka Ganza tena au atampaka mjukuu mwingine. Kwa hiyo mpigie Cécile leo. Mwambie amwambie mama yake kabla ya Jumapili, wakiwa wawili jikoni, kwa maneno ya daktari, bila kukutaja wewe. Aanze kwa kumwambia kwamba sisi sote tulipakwa hivyo na mama zetu walitupenda. Ni kweli, na itamsaidia kumeza yanayofuata. Cécile akiogopa, akumbuke kwamba yeye sasa ndiye mama wa mtoto.

Jumapili uende. Vaa vizuri. Ukiitwa kusema, sema hivi, usiongeze: "Mama, nilileta kitu kinachokutisha bila kukuuliza. Kwa hilo naomba radhi. Homa ya Ganza sikuileta mimi." Kisha ukae. Wakikutaka useme zaidi, umeshasema. Na ule mfuko nyumbani ufungue. Usichome hata bundi mmoja, maana siku utakayowasha moto huo utakuwa umejihukumu mwenyewe.

Nanyi wengine mnaonisoma mkiwa na kichanga nyumbani: kitovu kiachwe kikavu, kijikaukie. Si samli, si majivu, si dawa ya jirani. Na kichanga akipata homa au akikataa ziwa, nendeni hospitali kwanza, kikao cha familia kitafuata.

Mama Shami


BAADA YA JUMAPILI

Gazeti hili lingetoka wakati chakula cha shukrani kimeshaliwa, kwa hiyo nilimpigia Alida nikamsomea jibu langu kwenye simu. Jana amenipigia yeye, na ameniruhusu niwasimulie. Majina yote tumeyabadilisha.

Cécile alimwambia mama yake Ijumaa, wakiosha vyombo. Mama Spéciose alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Amepona kabisa?" Cécile akamwambia amepona kabisa. Bibi akatoa kibuyu cha samli chumbani kwa mtoto, akakiweka jikoni kwenye vyakula, kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo watoto wake hawajawahi kuliona.

Jumapili, baada ya sala, Alida alisimama na maneno yake tayari. Clovis alikuwa ubavuni. Mama mkwe akamwashiria akae.

"Kaa, mwanangu," akasema. Kisha akawageukia wageni. "Niliwaambia leo kuna mtu wa kusamehewa. Nilikosea. Mtoto aliugua kitovu, daktari ametueleza. Tule."

Hakusema nani alipaka nini, na hakuna aliyeuliza. Watu walivuta sahani.

Alida hakuridhika kubaki na radhi yake kinywani, akamfuata mama mkwe jikoni akamwomba msamaha kwa ajili ya bundi, hilo tu. Bibi akakaa kwenye kigoda. Akamweleza kwamba alipokuwa msichana bundi alilia juu ya nyumba yao mdogo wake akiwa mgonjwa wa surua, wakiwa kitanda kimoja, na asubuhi mdogo wake hakuamka. Hajawahi kumwambia hata Clovis. "Sikuwa na hasira na wewe," akasema. "Niliogopa, na nilipoogopa nikatafuta mtu." Kisha akaongeza, "Ukimfumia tena kitu, mfumie ng'ombe. Mwenye pembe ndefu."

Alida akamwambia hajui kufuma pembe. Bibi akamjibu kwamba atajifunza.

Kisha bibi akaenda chumbani, akarudi na Ganza, akamweka mikononi mwa Alida, akarudi kwa wageni. Mtoto alilala palepale, kichwa kwenye kiwiko chake. Jioni Clovis alipokuja kusema waondoke kabla barabara haijajaa, mama yake ndiye aliyemjibu.

"Ngoja kidogo," akasema. "Huoni mtoto amelala?"