Doa Chini ya Bega

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Mgongo wako unaendeleaje? Na masikio? Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu huisikii vizuri, na pia kwa sababu nikikupigia leo nitafoka, na binti hamfokei baba yake.

Acha kuwaambia watu kuwa mimi ni daktari. Nimekuomba, nimekusihi, sasa nakukataza. Ninachosoma ni kupiga picha za ndani ya mwili: mishipa, mapafu, chembe ndogo ambazo jicho halizioni, kwa darubini na mashine kubwa. Kusema fulani anaumwa nini ni kazi ya watu wengine. Juzi umenitumia goti la mwalimu mkuu, jino la muuza mkaa na picha ya mimba ya binti wa jirani. Hiyo mimba ulitaka niifanye nini, Baba?

Sasa hii eksirei ya kifua cha shangazi. Sawa. Mama alipofariki ni yeye aliyenilea, siwezi kumkatalia. Nimempelekea mwalimu wangu, ambaye ni daktari kweli. Amesema haoni kibaya. Ila amesema pia kwamba hiyo ni picha ya kamera iliyopigwa juu ya filamu ya hospitali, haiaminiki, na shangazi lazima arudi hospitali kama walivyomwambia. Mfikishie yote mawili. Usinimegee maneno.

Binti yako

6 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mgongo unauma ukijisikia, masikio yamestaafu kabla yangu.

Barua yako imejaa pilipili. Tangu lini mtoto akamkataza mzazi? Watu wanajua studio hii ya picha imesomesha mtu, waache wafurahi. Goti la mwalimu mkuu limepona lenyewe, kwa taarifa yako.

Shangazi yako nimemwambia. Alipiga kigelegele hapa studio mpaka mteja niliyemkalisha kwa picha ya pasipoti akafumba macho, ikabidi nirudie. Kumbe hospitali walitaka kumkata kipande cha nyama kifuani wakakipime, na hofu ilikuwa imemmaliza. Sasa anasema harudi ng'o. "Mtoto wetu kaona mapafu safi, hao wanichane kwa lipi?" Yale maneno yako ya mwisho sikuyatilia mkazo, maana alikuwa amefurahi sana. Amerudi kwenye kibanda chake cha vitambaa, anacheka na kila mtu.

Kula vizuri.

Baba yako

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu nililelewa.

Nakuuliza jambo moja na nataka jibu moja. Ile picha ya shangazi, uliigusa?

Nikueleze kwa nini nauliza. Muhula huu tunafundishwa kukamata picha zilizochezewa. Kila picha ina chenga zake, vumbi dogo dogo lililotawanyika ovyo. Mtu akikata kipande hapa akabandika pale ili kuficha kitu, zile chenga zinajirudia. Macho hayaoni, lakini programu inaona. Leo tumeambiwa tujaribu kwa picha yoyote tuliyonayo kwenye kompyuta. Nikaweka ya shangazi, kwa mzaha tu, nikijua itatoka safi.

Imewaka nyekundu chini ya bega la kulia. Kipande kizima kimenakiliwa kutoka pembeni. Darasa zima limeona, mwalimu wangu naye ameona. Ameniuliza hii picha imetoka wapi, nikakosa pa kuweka uso. Hakupandisha hata sauti. Ameniuliza tu, "Na mgonjwa yuko wapi sasa?"

Yuko wapi, Baba? Alirudi hospitali?

Binti yako

23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, kama bado inapokewa.

Niliigusa, kwani kuna nini? Hiyo ndiyo kazi yangu. Filamu ilikuja ina alama za vidole, mikwaruzo na doa jeupe pale begani, nikajua ni uchafu au dawa iliyoimwagikia wakati wa kuisafisha. Nikalitoa kama ninavyotoa chunusi za bibi harusi. Hakuna picha inayotoka studio kwangu na madoa, hata ya maiti. Na hii ilikuwa inakwenda kwa walimu wako! Nilitaka waone baba yako naye anajua kazi, wasije wakakucheka.

Halafu unaniita mchezea picha, mbele ya darasa! Mimi niliyekupa kamera kabla hujajua kusoma!

Hospitali hajarudi. Anakohoa kidogo, anasema ni vumbi la vitambaa. Filamu yenyewe ninayo kabatini. Kwenda kumwambia siwezi. Nitaanzia wapi? Yule ni dada yangu mkubwa, nikimwambia hili hatanisamehe. Labda kweli ni uchafu tu. Tusubiri.

Baba yako

Tarehe hiyo hiyo

Baba,

Leo salamu sina.

TUSUBIRI NINI? Umelifuta doa kwenye picha, kifuani kwake liko pale pale, na tangu Februari linafanya linavyotaka. Unamwogopa atakavyokutazama? Atakutazamaje akiwa kaburini?

Nimekukasirikia. Nimejikasirikia mimi pia, kwa kuipokea ile picha badala ya kusema hapana. Lakini mimi sikujua. Wewe tangu juzi unajua, na umekaa unaniandikia habari za kamera! Mimi nikibandika kipande kwenye picha huku nafukuzwa chuo, na wanaonifukuza watakuwa na haki. Wewe umemfanyia dada yako, halafu unadai sifa ya usafi.

Toa filamu kabatini. Usiifute hata vumbi. Mchukue shangazi, mpeleke hospitali, mwambie njiani au mwambie mlangoni, shauri yako. Najua hana simu na kila nikimtafuta lazima nipite kwako. Usipokwenda, namwandikia mwalimu mkuu, huyo mwenye goti, aende kibandani akamsomee barua yangu mbele ya wateja wote. Wallahi nitafanya.

Binti yako

30 Aprili

Baba, umekwenda? Nijibu hata neno moja.

9 Mei

Baba, nimepiga studio, simu inaita tu. Nimempigia muuza mkaa, anasema studio imefungwa na hajui uko wapi. Mwalimu mkuu nimemwandikia kama nilivyoapa, akakuta na kibanda cha shangazi kimefungwa. Kama shangazi amekuwa na lolote ukanificha, usinitafute tena. Nasema kweli.

Binti yako

1 Juni

Mwanangu,

Mgongo na masikio tuviache. Hasira zako zote zimenifikia, hakuna iliyopotea njiani.

Nilikwenda asubuhi iliyofuata ile barua yako ya kuapa. Nilimkuta anapima kitambaa cha mteja. Nikamwambia pale pale, nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Hakuacha kupima. Mteja alipoondoka akaniuliza, "Ulijua ni ugonjwa?" Nikasema sikujua, nilidhani ni uchafu. Akasema, "Hilo nakubali. Wewe hata mbalamwezi ungeisafisha. Lakini mtoto alisema nirudi hospitali. Hilo ulilijua." Akafunga kibanda, akachukua filamu mkononi mwangu, akatangulia.

Wamekikata kile kipande, wamekipima. Ni saratani. Walipopiga picha mpya nimeona doa lilivyokua, mwanangu, nimeliona kwa macho haya. Dawa wameanza kumpa. Nilimuuliza daktari kama tumechelewa, akaniambia mngekuja Februari ningekuwa na maneno mengine. Nilitamani anitukane.

Studio nimeifunga kwa sasa, siwezi kumwambia mtu atabasamu. Nashinda hospitali, kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Amekataa nikae karibu na kitanda chake. Chai naleta kila siku, nesi anaipeleka, chupa inarudi tupu. Namba ya nesi iko hapo chini, mpigie uzungumze na shangazi yako. Anakuulizia. Hana ugomvi na wewe.

Leo amekuja zamu nesi mgeni. Kaniona nimekaa, akasimama mlangoni akamuuliza shangazi yako, "Mama, huyu mzee wa kwenye benchi ni wako? Nimfukuze?"

Akajibu kwa sauti, ili hata mimi nisikie: "Usimfukuze. Ni mdogo wangu. Lakini asiingie."

Baba yako