Jina Lako Liko Ukutani

Machame, 9 Mei 2025

Binti yangu Aikaeli,

U hali gani huko? Sisi wazima, ila mguu wa baba yako unamsumbua. Mama yake Godlisten amenijia na habari. Mwanawe alikwenda ofisi ya serikali huko London kuandikisha mtoto, akaona jina lako limebandikwa ukutani. Huku mtu habandikwi ukutani ila akitafutwa. Umefanya nini? Baba yako sijamwambia.

Mama yako

Thamesmead, 11 Mei

Shikamoo Mama,

Mpe Baba pole ya mguu. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Sitafutwi. Ni matangazo, kama yale ya kanisani Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Hapa ni siku ishirini na nane, tangu tarehe sita. Jina lililo pamoja na langu ni la Anne-Marie, yule aliyekumenyea ndizi za mtori Krismasi ile hadi mikono ikawa myeusi. Nilikwambia ni rafiki. Nilikudanganya, Mama. Tunaandikishana kisheria kuwa wenzi. Yeye ni baharia wa meli ya kivita na wako safarini, kwa hiyo tamko lake amelitoa mbele ya nahodha. Wanaelekea kubaya. Akipatwa na neno leo, mimi si mtu wake, hakuna atakayenipigia simu.

Naogopa. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwanao

Thamesmead, 26 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini mguu wa Baba una nafuu. Siku kumi na tano hujajibu, na simu yako inaita tu. Baba mdogo wa Hounslow ameniuliza ni ofisi ipi. Sikumwambia, lakini Godlisten anaijua. Kila nikitoka kazini napita kuangalia kama tangazo bado lipo. Pingamizi moja linatosha kuzuia cheti. Mama, ni wewe unayeliandika? Bora nijue.

Mwanao

Machame, 4 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima, mguu umepoa.

Baba yako mdogo alinipigia mara tatu. Alitaka barua ya kupinga, yenye sahihi yangu mimi mzazi, aipeleke. Nilimwambia asubiri, bado natafakari. Jana nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa, siku ishirini na nane zimetimia. Wewe sikukujibu kwa sababu neno lolote ambalo ningeandika lingekuwa la kupinga.

Sikubali, Aikaeli. Wala usije naye hapa, nawaogopa majirani na namwogopa baba yako. Lakini matangazo yamekwisha na mimi sikusimama.

Wakikupigia simu kuhusu huyo binti, saa yoyote ile, na wewe unipigie. Nitapokea.

Mama yako