Maamkizi Niliyoyarudisha

Kasulu, masika ya 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu imepoa, au bado inakusumbua ukipanda ngazi za kwa Shangazi? Sisi huku wazima, mimi na mkweo Hamisi. Duka lake la vitambaa linakwenda, na mvua hainyamazi. Nguo za juzi bado ziko kambani.

Uliposikia kwenye simu kwamba ile tovuti iliyonifundisha kuhariri video inafungwa, uliniambia, "Basi, mwanangu, kazi imekwisha, rudi Pangani." Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalia. Leo najibu.

Unajua nilivyoanza. Nilifika huku na kamera tu, sijui hata kuunganisha picha mbili. Kila nilichojua nilikitoa kwenye tovuti ile. Mzee mmoja wa ng'ambo aliiendesha miaka mingi, wahariri wa kila nchi wakiuliza na kujibiwa bure. Nilikuwa nauliza jioni, kesho nakuta jibu. Sasa macho yamemchosha, akatuaga kwa upole, na ukurasa wa maswali ndio alioufunga kwanza. Nilijiona yatima, Mama, usinicheke.

Wiki hiyohiyo nikapeleka video ya harusi Kibondo, kwa Mzee Ntahondi, aliyemwozesha mwanawe binti wa Munanila. Nilijivunia kazi ile. Tovuti ilinifundisha kukata kila kisichosogeza habari mbele, nami nikakata. Na Waha, wenyeji wa huku, kwa maamkizi, acha! Wanainama, wanapiga makofi polepole, wanaulizana habari za wazee, watoto, ng'ombe na mashamba, halafu wanaanza upya kwa mwingine. Nikabakisha kidogo tu, wageni wakaingia, wakaketi.

Mzee alitazama hadi hapo, akaizima televisheni.

"Binti, mbona tumeingia kwa watu kama ng'ombe waliovunja zizi?"

"Nimefupisha, Mzee, watu wasichoke."

"Wachoke kusalimiwa? Wakwe zangu wakiiona hii watasema sikuwasalimia. Watamchukua binti yao!"

Mkewe alicheka, yeye hakucheka. Akanirudishia diski.

Nikarudi Kasulu nimenywea. Zamani ningeandika swali. Sasa sikuwa na wa kumwuliza, na Hamisi ushauri wake ni uleule: "Kula kwanza, mke wangu." Nikala, kisha nikaketi kuyatazama maamkizi yote, mwanzo hadi mwisho, bila kugusa kitu. Ndipo nikaona nilichokitupa. Mama wa bibi harusi anawapigia wageni makofi, lakini macho hayabanduki kwa bintiye. Mzee mwenyewe sauti inamkatika anapouliza habari za nyumba ile. Harusi ilikuwa pale, kwingine kote ni kula pilau.

Nikarudisha yote. Nilipoipeleka tena Kibondo, Mzee alisogeza kiti. Maamkizi yalipoanza akasahau kwamba ni televisheni: akainama, akapiga makofi, akaitikia. Mkewe naye akaitikia. Nilisimama mlangoni nikiwa na furaha ambayo sijui nikuelezeje. Shemeji yao wa Kakonko alikuwapo, na palepale akaniomba nikampigie video ya harusi ya bintiye.

Tovuti imeshafungwa, Mama. Kabla ya hapo nilimwandikia yule mzee kumshukuru, nikamsimulia haya. Alijibu kwamba amecheka peke yake mpaka mkewe akaja kumwangalia. Nitamkumbuka sana, lakini sirudi. Nitakuja Idi, unipikie, unigombeze kwa kukonda, kisha nirejee kazini kwangu.

Nisalimie Shangazi, na kaka Salimu fundi redio, mwambie ile spika bado inakoroma. Bibi mzaa baba umpe salamu zangu kwa sauti kubwa, maana ya kawaida atasema hukumpa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea diski ya harusi hiyo. Mzee Ntahondi ameniruhusu, tena anataka watu wa pwani waone walivyosalimiana. Ukifika kwenye maamkizi usiyapeleke mbele, hata Salimu akikuharakisha. Karibu na mwisho mama wa bibi harusi ananigeukia, anainama, na picha inatikisika. Tovuti ilinifundisha kwamba mpiga picha asisikike kamwe. Hapo nimeacha vilevile. Utasikia sauti ya mwanamke nyuma ya kamera ikimwitikia kwa Kiha, bila kusita, kama ya mwenyeji.

Ni mimi, Mama.

Mwanao,
Rukia