Mwisho Ulionidanganya, Mize

Shoga yangu Mize,

Salamu hazikufikii, najua, lakini nina ugomvi na weye na sina mwengine wa kumwambia. Ile picha imerudi sinema ya Wete. Ile ya mke wa tajiri na daktari mwenye suti nyeupe. Jumapili, siku ya wanawake, nimekwenda kuiona kwa macho yangu, mwaka wa pili huu tangu tukuzike.

Wakumbuka ulivyonisimulia? Mie nilikuwa bado mke wa Hamadi, na kwa Hamadi sinema ilikuwa haramu. Mlango akiutia ufunguo awemo asiwemo. Siku za karafuu tu ndizo alizoniachia, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa uani kwa mamaake. Ukaja kusaidia kuchambua, tukakaa mkekani, ukaanza. Ulimpenda yule mtengenezaji wa picha tangu ile yake ya mayatima. Ukisema bwana huyu hakosei. Ulipofika pale mwanamke anaoga na daktari yuko nyuma ya pazia, ukashusha sauti mpaka karafuu zikanitoka mkononi. Mavyaa, mamaake Hamadi, akapita. Ukasema, bila ya kupepesa, "Na mchicha nao siku hizi mchungu." Nilicheka mpaka machozi, nikasingizia kikohozi.

Sasa sikiliza. Bwana wako wa picha amekosea. Mapambo, mashaallah: kivuli cha feni ukutani, hariri, yule mwanamke anavyogeuza shingo. Daktari naye akimfunga mkufu, nusu ya ukumbi ilijishika shingo. Lakini kisa hakina kichwa wala miguu. Nani kamuua mpishi wa yule tajiri, mpaka leo hatujui, tulitoka tukiulizana. Na huko kuoga ni mabega tu, kisha wamekata. Kwako alioga alasiri nzima.

Hayo nimekusamehe. Kilichoniliza ni mwisho. Uliniambia mumewe alikuwa akimfungia ndani, na siku moja mke akautoa ufunguo kwenye koti la mume, akafungua, akatoka mchana kweupe, viatu mkononi, asirudi tena. Ukaniangalia, kisha ukaendelea na karafuu zako. Mwezi haukwisha. Ijumaa, Hamadi kalala baada ya kula, nikautoa ufunguo kwenye koti lake. Nilikwenda kwetu Gando kwa miguu, na viatu nilivishika mkononi, kwa kuwa ndivyo ulivyosema.

Kwenye picha, Mize, yule mwanamke hatoki. Ufunguo anaupata, mlango anaufungua, na mume kasimama pale pale na kisu. Basi, imekwisha. Wenzangu wakavaa mabuibui yao wakatoka, mie nikabaki kitini. Ungenambia kweli, ningekuwa kwa Hamadi mpaka leo.

Muongo mkubwa weye. Mungu akurehemu, akupe kivuli na maji baridi. Nimekukosa, shoga, hata sijui niseme vipi. Nikichambua peke yangu hunyamaza nikidhani utaendelea pale ulipoachia.

Binti yako Time ameposwa. Kijana simjui bado. Kesho anakuja kunisaidia karafuu, na ameniomba nimhadithie ile picha mamaake aliyokuwa akiipenda. Lala kwa amani, Mize. Sehemu ya kuoga sitaiweza, hiyo ilikuwa yako. Lakini nakuahidi, kesho mlango wa yule mwanamke ukifunguka hapatakuwa na mtu mlangoni.

Shoga yako,
Asha