Kwa Shnaw, Aliyeingia kwa Mlango wa Jikoni

Mwaka umetimia leo, Shnaw, tangu gari lako lilipoteleza kwenye theluji ya njia ya kwenda mji wa Qaladze, dawa za watu zikiwa kiti cha nyuma. Sitaandika kwamba ulilala usingizi wa amani. Ulikufa kazini, una miaka thelathini na minne, na kazi hukuwa umeimaliza.

Ulikuwa mpole kwa wagonjwa na mkorofi kwa kila aliyewachelewesha. Chai uliinywa umesimama. Ulishona soksi za kuvalia kisiki cha mguu kwa sababu za dukani zilikuwa na mshono unaochubua, na kila moja uliijaribu kwanza kwenye kiwiko chako. Dolma, zile mboga za kujazwa wali, uliipika vibaya mno. Tuliila.

Hapa Ranya watu wanakijua chama cha kuwasaidia wapiganaji wastaafu kwa picha za wanaume zilizotundikwa mlangoni. Kazi waliifanya wanawake kumi, na wewe wa kumi na moja. Mwanamume akienda kumtembelea mpiganaji mwenzake hukaribishwa chumba cha wageni. Mwenyeji hufunga kilemba, hujifunika blanketi magotini, na akiulizwa hali hujibu kwamba ni mzima. Hakuna mpiganaji wa mji huu atakayelalamika maumivu mbele ya wenzake aliopigana nao milimani. Ninyi mliingia kwa mlango wa jikoni, mkaketi chini na mke wake, mkaona sufuria tupu, mashuka, na vidonge vilivyokatwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Mzee Wasman aliacha mguu mmoja kwenye bomu la ardhini. Ule uliobaki ulikuwa na kidonda cha kisukari. Kila Jumanne ulimwuliza, "Mzee, blanketi litoke lenyewe au nilivute?"

Naye akajibu, "Huyu binti hana haya. Angezaliwa zamani tungempa bunduki." Kisha akakuachia mguu, ukauosha.

Wiki mbili baada ya kukuzika, kamati ya chama ilipiga marufuku ziara za wanawake. Walisema barabara ni hatari na hawataki msiba mwingine. Wangeweza kununua minyororo ya magurudumu ya kuzuia gari kuteleza. Badala yake walikifanya kifo chako kuwa kufuli. Kaka Nawzad, mwenyekiti, aliahidi kwamba wanaume wataenda wenyewe.

Walikwenda kweli. Kwa Mzee Wasman walikunywa chai, wakakumbushana vita, wakaandika ripoti kwamba wamemkuta na siha na furaha. Siku tisa baadaye mkewe, Bi Gulala, alinipigia simu akasema chumba kinanuka. Nimefanya kazi maabara miaka ishirini na miwili. Niliijua harufu ile kabla sijavua viatu. Mguu ule uliobaki ulikatwa juu ya goti.

Nikaenda ofisini kwao, nikamwuliza Kaka Nawzad kama alilifunua blanketi.

"Mama Shnaw," akasema, "mtu hamfunui mpiganaji mbele ya wageni."

"Basi msiende wageni. Waende wanaojua kuosha kidonda."

Akanijibu kwa sauti ya kubembeleza mtoto kwamba majonzi ndiyo yanayonisemesha. Kisha akaniomba picha yako. Leo wanataka kuupa ukumbi wa chama jina lako, kwa hotuba na keki. Keki, Shnaw, nyumba mbili kutoka kwa mtu aliyekatwa mguu kwa kisukari.

Picha sikuwapa. Jina lako hawana ruhusa nalo mpaka wairudishe kazi yako. Wakilibandika ukutani nitalibandua mwenyewe, bisibisi ninayo.

Wenzako walikutana kwangu. Kamati iliposikia, iliwaandikia barua kwamba atakayeendelea na ziara arudishe kadi ya chama. Kesho yake asubuhi kadi zote kumi zilikuwa mezani kwa Kaka Nawzad, na ya kumi na moja ni yako, niliipeleka mimi. Tangu hapo tunakwenda bila chama, kwa mafuta ya magari yetu. Jumanne iliyopita tulimkuta mzee mmoja ambaye ripoti yao inasema ni mzima. Hakuwa ameona vizuri tangu vuli. Mkewe alikuwa akimwongoza mpaka kwenye mto wa kuegemea kabla wageni hawajaingia, ili wasijue. Jumatatu anapelekwa kwa daktari wa macho. Ningekuambia wewe kwanza.

Tunakukumbuka mimi mama yako Khunaw, baba yako Karwan, mumeo Hemin, binti yako Lanya, kaka yako Rebaz, shangazi yako Tavga, Mzee Wasman na Bi Gulala, na wanawake kumi wasio na kadi. Wanakamati wasije nyumbani kutupa pole. Waende wakaombe radhi kwa Mzee Wasman.

Sisi kukusahau hatuwezi, mwanangu. Na wao hatutawaacha wakusahau.