Theluji Hakumaliza Mbio

Jumatatu, 4 Agosti
Kilomita ishirini kabla jua halijatoka. Mbwa sita wakivuta kigari cha magurudumu matatu, barabara ya vumbi nyuma ya maghala ya Midrand. Baridi ya kukata masikio; huku Agosti ni kipupwe. Wao wanaipenda. Mimi siipendi. Theluji ameongoza vizuri. Ni jike mweupe. Jina kapewa na mzee Koos, mwenye mbwa, ingawa theluji yenyewe hajaiona maishani. Jumamosi mashindano yanaanza: siku mbili, kilomita themanini, katikati ya mashamba ya mahindi huko kusini. Mzee ana nyonga mbovu. Nitaendesha mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Theluji hakula. Nimegusa ufizi wake. Mkavu.

Alhamisi, 7 Agosti
Ametapika mara tatu. Anaharisha. Nimemwambia mzee tumwache nyumbani. Alikuwa anatia mafuta magurudumu, hakuinua kichwa.
"Bila yeye hawa wengine hawaendi popote."
"Anaumwa, mzee."
"Tumbo tu. Kesho daktari wa mashindano akikuuliza, mbwa ni mzima. Umenisikia, Furaha?"
Nimemsikia. Chumba ninacholala ni chake. Barua ya kazi ninayoonyesha nikienda kuongeza muda wa karatasi zangu za ukimbizi, kaiandika yeye. Leo namchukia.

Ijumaa, 8 Agosti
Daktari ni dada mpole. Alimpapasa Theluji tumbo, akamtazama macho. Akaniuliza kama ameharisha wiki hii.
Nikasema hapana.

Jumamosi, 9 Agosti
Kilomita arobaini. Tuko wa pili. Theluji amevuta mwanzo mwisho, sijui kwa nguvu gani. Jioni kanywa maji kidogo, chakula hakutaka. Mzee anacheka na kila mtu. Kanichomea nyama kwa mkono wake mwenyewe. Nikaila.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi ukungu, tukachelewa kuanza. Ulipoondoka likaja jua kali ambalo si la Agosti. Baada ya kilomita thelathini na tano Theluji akaanza kuyumba. Nikafunga breki, nikampigia mzee simu.
"Zimebaki tano," akasema. "Twende, twende."
Nikaachia breki. Hakuna aliyenishika mkono. Niliachia mwenyewe.
Hatukumaliza hata kilomita moja. Akaanguka. Wenzake wakamburuta kabla sijasimamisha. Nilimfungua, nikammwagia maji yangu yote, nikamlaza kwenye kivuli cha kigari. Ulimi ulikuwa rangi ya tofali. Daktari alipofika na mzee, pumzi zilikuwa zimeshakatika.
Daktari aliniuliza mbwa alikuwa na nini. Nikasema yote, mzee amesimama pale pale. Kutapika, kuharisha, uongo wangu wa Ijumaa. Akaandika.
"Ungesema Ijumaa, angekuwa hai."
Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 11 Agosti
Mzee amefungiwa kushindana. Kanipa mpaka saa sita mchana niwe nimeondoka. Nimewalisha wale watano, nimekunja nguo. Begi moja.
"Miaka minne umekula kwangu," alisema getini.
Kweli tupu. Nikabeba begi, nikatoka.

Jumatano, 20 Agosti
Jeppestown. Niko kwa Aline. Tulitoka naye Bukavu, ana saluni. Nasuka mchana, nalala chumba cha nyuma. Aline anasema, eish, ni mbwa tu, watu wanakufa kwetu kila siku. Najua. Ndugu zangu wamo kati ya hao. Bado nalia, na sijui kumweleza.

Jumamosi, 23 Agosti
Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 29 Agosti
Mzee kapiga simu nikiwa na kichwa cha mteja mikononi.
"Nimewauza," akasema. "Wote watano. Kwa mtu wa milimani."
"Kuna kivuli huko?"
"Kuna misonobari."
Nilimsikia anapumua. Hakuomba samahani, wala mimi sikuomba. Kisha akakata.
Mama niliyekuwa namsuka aliniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia ndiyo, lakini si wa leo. Akanipa pole, akainamisha kichwa nimalizie upande wa kushoto.